Gari Huvuka Bahari, Onyo Hubaki Japani

Januari 2020 kampuni ya Toyota iliwatangazia wateja wake wa Marekani kwamba magari karibu laki saba, ya Toyota na ya Lexus, yarudishwe kwa mawakala kwa sababu pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi inaweza kufa gari likiwa barabarani. Machi mwaka huohuo idadi ilifika milioni 1.8. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepita milioni 3.3 kwa Marekani peke yake, na karibu milioni 5.8 duniani kote. Honda ilifuata kwa awamu, na Desemba 2023 ikayaita kwa mkupuo mmoja magari zaidi ya milioni 2.5 Marekani; Subaru na Mazda nazo ziliita ya kwao. Pampu hizo zote zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, Denso wa Japani, ambaye vipuri vyake vimo ndani ya magari ya karibu kila kampuni ya nchi hiyo. Huku kwetu habari kama hii husomwa kama habari za ughaibuni, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Magari yaliyotajwa ni ya ukoo uleule unaoshushwa kila wiki Mombasa na Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba kwa nchi inayonunua magari yaliyokwisha kutumika, wito wa kurejesha magari hauna nguvu yoyote mpaka namba ya chesisi ichunguzwe kabla gari halijapanda meli, na kwamba kazi hiyo ni ya muuzaji na mkaguzi walioko Japani, si ya mnunuzi wa Mwanza au Kisumu.

Kwanza tuielewe kasoro yenyewe, maana ukubwa wake hauonekani kwa macho. Ndani ya tangi la petroli kuna pampu ya umeme ambayo huvuta mafuta na kuyasukuma hadi kwenye injini. Kinachosukuma ni feni ndogo ya plastiki inayozunguka kwa kasi ndani ya nafasi nyembamba mno. Kwa maelezo ambayo Toyota iliyapeleka kwa NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, baadhi ya feni hizo zilitengenezwa kwa plastiki yenye msongamano mdogo, na kwa kuwa zilikaa kwa muda mrefu zikikauka kwenye kiyeyusho cha kiwandani, zikapata nyufa juu yake. Plastiki ya namna hiyo hunywa petroli. Ikishakunywa huvimba, ikivimba hupinda, na ikipinda huanza kusugua ukuta wa pampu hadi inapokwama. Mafuta yakikoma kufika, injini inazima. Dereva anaweza kupewa dalili: taa ya injini huwaka, gari likatetema au likakosa nguvu kwenye kilima. Anaweza pia asipewe dalili yoyote. Gari linakata tu na kugoma kuwaka tena, usukani unaweza kuwa mzito, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, zinahitaji mguu wa nguvu.

Hakuna moto wala kishindo katika jambo hili, na ndiyo sababu ni rahisi kulidharau. Gari likizima mbele ya duka mtaani, ni usumbufu. Likizima katikati ya barabara kuu usiku, huku lori limekaa nyuma yake, ni jambo jingine kabisa. Julai 2023, katika mkoa wa Tottori magharibi mwa Japani, gari dogo la Honda lililokuwa na pampu ya aina hii lilisimama kwenye barabara kuu na kugongwa kwa nyuma, na mtu mmoja akafariki. Hiyo ni Japani, nchi ya taa, mabega mapana ya barabara na magari ya msaada yanayofika upesi. Anayeijua barabara ya Mombasa hadi Nairobi, au ile ya Chalinze hadi Morogoro, anajua gari lililokufa usiku linavyotangazwa huku: matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami mita chache nyuma yake, kama dereva amewahi kuyakata.

Sasa tuone mfumo wa kurejesha magari unavyofanya kazi, kwa sababu udhaifu wake kwetu umo ndani ya muundo wake. Kampuni inapogundua kasoro ya usalama, huiarifu serikali. Kwa Japani ni Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii. Orodha ya namba za chesisi zinazohusika hutangazwa, kisha kampuni huchukua majina na anwani kutoka kwenye daftari la usajili na kumwandikia kila mmiliki barua. Mmiliki hupeleka gari kwa wakala, kipuri hubadilishwa bila malipo, na alama huwekwa kwenye kumbukumbu kwamba gari hilo limeshughulikiwa. Mfumo mzima unaning'inia kwenye daftari la usajili. Gari linapouzwa nje, hufutwa kwenye daftari hilo na kupewa cheti cha kusafirishwa. Tangu siku hiyo hakuna anwani ya kupelekewa barua. Kasoro ikiwa iligunduliwa kabla na mwenye gari akapuuza, gari huja nayo. Ikigunduliwa baada ya safari, barua haiandikwi kabisa. Wakala rasmi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam naye anayo orodha, lakini ni ya magari aliyoyauza yeye akiwa ameyaleta mapya, na hayo ni machache mno kulinganisha na yanayopita kwenye yadi.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilikadiria kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa duniani kati ya 2015 na 2018, na karibu asilimia 40 yakaja Afrika. Ripoti ile ilishughulika zaidi na moshi na umri, na serikali zetu nazo zimeelekeza macho huko huko. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wa miaka 15. Tanzania haikatazi, ila gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi. Sina ugomvi na sheria hizo; gari jipya zaidi kwa kawaida lina breki bora na moshi mchache. Lakini umri haupimi kasoro ya kiwandani. Sehemu kubwa ya pampu mbovu za Denso ilifungwa kwenye magari yaliyotengenezwa kati ya 2017 na 2020, na Honda Fit na Vezel, magari yanayopendwa sana kwenye yadi zetu, ni miongoni mwa yaliyoitwa Japani. Piga hesabu ya miaka minane: mwaka 2025 Kenya iliruhusu magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Sheria iliyotungwa ili kutuepusha na magari mabovu imefungua mlango wake sawasawa na kipindi ambacho pampu hizi zilikuwa zikifungwa. Hilo si kosa la waliotunga sheria. Linaonyesha tu kwamba kuhesabu miaka hakutoshi.

Mtu atauliza: si magari hukaguliwa? Hukaguliwa. Kenya inadai cheti cha ukaguzi kinachotolewa kabla gari halijasafirishwa, na Tanzania imejaribu njia zote mbili kwa nyakati tofauti, ukaguzi wa kule linakotoka na wa hapa linapofikia. Mkaguzi huangalia breki, matairi, taa, usukani, kutu kwenye chesisi, na kama kilomita hazikuchezewa. Pampu inayovimba polepole ndani ya tangi hupita mbele yake ikifanya kazi vizuri kabisa. Kasoro ya namna hii haionekani kwenye gari; inaonekana kwenye orodha. Na orodha ipo, iko wazi, haina gharama. Kampuni za Japani zina kurasa ambako unaingiza namba ya chesisi na kuambiwa papo hapo kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Tatizo ni kwamba kurasa hizo ni za Kijapani. Mnunuzi wa huku akienda kwenye ukurasa wa Marekani, ambao anaweza kuusoma, anakuta unadai namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba hiyo. Lake ni fupi: kundi la herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Akiiingiza, mfumo unaikataa, naye anaondoka akidhani gari lake halina neno.

Ndiyo maana nasema mzigo huu usiwekwe mabegani mwa mnunuzi. Mkaguzi aliyeajiriwa na nchi zetu tayari yuko Japani, tayari ameishika namba ya chesisi ili aiandike kwenye cheti, tayari ana wafanyakazi wanaosoma Kijapani. Kuitafuta namba hiyo kwenye orodha ya wito ni kazi ya dakika. Na kuna faida moja ambayo ikishapotea hairudi: gari likiwa bado Japani, matengenezo ya wito ni bure kwa yeyote anayelileta kwa wakala. Likishapakiwa Yokohama au Nagoya, kipuri kilekile kilichokuwa cha bure kinakuwa mzigo wa mtu aliyeko Arusha. Kuongeza kipengele kwenye cheti cha ukaguzi si jambo geni. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, kipimo cha mionzi kiliongezwa kwenye ukaguzi wa magari yanayotoka Japani kuja kwetu. Kilichowezekana kwa mionzi, iliyohitaji vifaa vya kupimia, hakiwezi kushindikana kwa orodha inayohitaji kompyuta tu.

Japani yenyewe imekwisha kukiri kwamba barua peke yake haitoshi. Tangu Mei 2018, magari yenye mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya aina zilizo hatari zaidi hayapitishwi kwenye ukaguzi wa lazima wa nchi hiyo mpaka mifuko hiyo ibadilishwe. Barua zilikuwa zimetumwa kwa miaka. Waliozipuuza walibanwa kwa kunyimwa ruhusa ya kutembea. Marekani nayo ilijifunza kwa njia chungu. Mwaka 2004 ndugu wawili wa kike walifariki California ndani ya gari la kukodi lililokuwa na wito ambao haujatekelezwa, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla sheria ya kuwazuia wenye makampuni makubwa ya kukodisha kutoa magari ya namna hiyo haijaanza kazi, Juni 2016. Hata hivyo hadi leo hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza mfanyabiashara wa Marekani kuuza gari lililotumika lenye wito uliobaki. Naitaja ili tusidhani kwamba pengo hili ni la nchi maskini peke yake. Lipo popote ambapo gari limepita mikono miwili, ila kwetu mkono wa pili uko ng'ambo ya bahari.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni la bei. Mwalimu au muuguzi aliyejibana miaka mitano anunue Honda Fit hataki kusikia sharti jingine la kumchelewesha. Na ni kweli kwamba vipuri vinaweza kuchelewa. Kwenye wito wa pampu hizi wamiliki wengi walipewa barua ya awali inayosema, kwa ufupi, gari lako lina kasoro lakini kipuri bado. Gari likizuiwa Japani kwa miezi, muuzaji atataka kufidia gharama. Jibu langu ni kwamba si kila wito unastahili kuzuia gari. Nyingine ni za kubandika karatasi yenye maelezo sahihi juu ya uzito wa mzigo. Kasoro inayoweza kuzima injini mwendoni, kuharibu breki au usukani, kuwasha moto au kulipua mfuko wa hewa izuie gari. Nyingine ziandikwe tu kwenye cheti ili mnunuzi ajue anachonunua. Kuhusu bei, soko la Japani ni la mnada. Siku wauzaji watakapojua kwamba gari lenye wito uliobaki haliingii Afrika Mashariki, watalinunua kwa bei ya chini au watalipeleka kwa wakala wao wenyewe kwanza, kwa kuwa ni bure. Gharama inayoogopwa leo ipo tayari, ila analipa mtu wa mwisho, naye halipi kwa fedha tu.

Wengine husema mafundi wetu watalimaliza. Heshima zote kwa mafundi. Bila wao nusu ya magari ya mkoa wowote yangekuwa mabanda ya kuku. Lakini fikiria gari linavyofika gereji kwa kasoro hii. Limekata njiani, limevutwa kwa kamba. Fundi anauliza ulijaza mafuta wapi, na swali lake ni la haki: uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa umetusumbua kiasi kwamba Tanzania huyatia mafuta alama maalumu ya kemikali, na Kenya mwaka 2018 iliongeza tozo kwenye mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachakachuaji. Basi sheli inalaumiwa, tangi linasafishwa, chujio linabadilishwa. Ikigundulika kuwa ni pampu, mwenye gari anatumwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta nyingine, na kwa bei anayoimudu atapewa iliyofunguliwa kwenye gari lililochinjwa, la aina ileile na la mwaka uleule. Yaani anatoa pampu yenye kasoro na kuingiza nyingine yenye kasoro hiyohiyo, akiwa amelipia zote mbili. Bila orodha, ustadi wa fundi hauna pa kushika.

Hapo pana hasara nyingine ambayo huzungumzwa kidogo. Mamlaka za Marekani na Japani huanza kushuku kasoro kwa sababu wenye magari hulalamika na malalamiko hukusanywa mahali pamoja: gari aina fulani, mwaka fulani, limezima hivi. Malalamiko kumi hayasemi kitu, elfu moja yanaita wachunguzi. Kwetu kila gari linalozima ni kisa cha pekee kinachoishia kwa fundi na mwenye gari. Kwenye kitabu cha polisi, ajali ikitokea, ataandikwa dereva aliyegonga kwa nyuma. Tunatumia sehemu kubwa ya maisha ya magari haya, katika joto na mashimo ambayo hayapatikani Japani, na yale tunayoyaona hayamfikii aliyeyatengeneza.

Kuna wanaosema pia kwamba kelele hizi zinatisha watu bure, kwa kuwa pampu nyingi zilizoitwa hazitakufa kamwe. Nakubali sentensi yote isipokuwa neno bure. Katika magari milioni kadhaa, yatakayozima ni sehemu ndogo. Lakini wito hutolewa kwa sababu hakuna anayeweza kujua ni lipi, na gharama ya kubadilisha zote ni ndogo kuliko ya kubahatisha. Hiyo ni hesabu ya kampuni za kibiashara, ambazo haziwi wepesi wa kutoa fedha zao. Tukumbuke zinavyokuwa zikiachwa zijiamulie: General Motors iliyajua matatizo ya swichi yake ya kuwashia injini kwa miaka kabla ya kuyaita magari mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Hyundai na Kia zilikubali mwaka 2020 adhabu za jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa kuita magari yenye injini zilizoweza kukwama. Kwa hiyo anayesikia kwamba aina fulani imeitwa na kuhitimisha kuwa ni gari baya, amegeuza mambo. Toyota na Honda zimeita magari mengi kwa sababu zimeuza mengi na kwa sababu zinabanwa. Gari la kuogopa ni lile ambalo wito wake upo na halijapelekwa.

Na ajali zetu nyingi, watasema, zinatokana na mwendo kasi, ulevi, usingizi na watembea kwa miguu wasio na njia. Kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka barabarani duniani, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kanda zote, ingawa ina sehemu ndogo ya magari. Pampu ya Denso si sababu kuu ya hayo na sitajaribu kuifanya iwe. Lakini kubadilisha tabia za madereva ni kazi ya kizazi, kujenga njia za waenda kwa miguu ni kazi ya mabilioni, na kuchunguza namba kwenye orodha ni kazi ya karani. Serikali inayosema haiwezi kufanya jambo dogo kwa sababu kuna kubwa, kwa kawaida haifanyi lolote kati ya hayo mawili.

Yanabaki magari yaliyokwisha kuingia, na hapa Nyuzilandi inatufaa kuliko Marekani. Nayo huendesha upande wa kushoto na hununua kwa wingi magari yaliyotumika ya Japani. Mwaka 2018 serikali yake iliamuru kwa lazima kubadilishwa kwa mifuko ya hewa ya Takata iliyo hatari zaidi, na amri hiyo ikagusa pia magari yaliyoletwa na wafanyabiashara huru yakiwa yametumika. Wawakilishi wa kampuni waliopo nchini humo waliyashughulikia hata yale ambayo hawakuyauza wao. Soko la nchi moja ya Afrika Mashariki huenda ni dogo mno kuishinikiza kampuni ya Japani kufanya hivyo kwa pampu ya mafuta. Soko la Jumuiya nzima, pamoja na magari yanayopita Dar es Salaam kwenda Zambia, Malawi na Kongo, si dogo. Usajili wetu tayari umo kwenye kompyuta, na mamlaka ya usafiri ya Kenya (NTSA) na mamlaka ya mapato ya Tanzania (TRA) zina namba ya chesisi ya kila gari lililolipiwa ushuru. Kulinganisha namba hizo na orodha za Japani kungetoa, kwa mara ya kwanza, hesabu kamili ya magari yenye wito yanayotembea kwenye barabara zetu, pamoja na namba ya simu ya kila mwenye gari.

Mpaka hapo, anayeagiza gari leo anaweza kudai kwa muuzaji, kabla ya kutuma fedha, namba kamili ya chesisi na nakala ya jibu la ukurasa wa wito wa kampuni husika, lenye tarehe. Likionyesha wito uliobaki, aandike kwenye makubaliano kwamba gari lipelekwe kwa wakala kabla ya kupakiwa, na stakabadhi ya matengenezo ije pamoja na hati za meli.